Mwalimu wa Migongo

Mtu akifika kwa Mwalimu na mgongo unaomuuma, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa kiti, na cha pili kilikuwa habari mbaya. Aliambiwa kwamba huenda angepona hata asipoguswa. Mwalimu aliyasema hayo polepole, akimtazama usoni, na mlango aliuacha wazi makusudi ili asiyetaka kubaki aondoke bila aibu. Migongo mingi hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa, alieleza. Baadhi ya waliopima matibabu haya wamekuta yanapunguza maumivu kidogo. Wengine wamekuta kwamba ukimlinganisha aliyetibiwa na aliyeshikwashikwa tu, tofauti ni ndogo mno, na utafiti wenyewe si imara kama ambavyo tungependa. Kisha alimalizia kwa swali lile lile: "Sasa umesikia. Nianze ama tuachie hapo?"

Nilikuwa nayasikia yote hayo kwa sababu kati ya chumba chake na duka langu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo hapa Nunguni, na niseme ukweli, mazungumzo hayo yalinichoma. Mkulima akiniuliza kama mbegu hii itaota, mimi simwanzii na habari za ukame. Mara nyingi nilimsikia mgonjwa akikohoa, akiaga kwa heshima na kuondoka, nami nikagonga ukuta na kumwuliza Mwalimu kama anafanya kazi ama anafukuza watu. Alijibu kutoka upande wa pili kwamba anafanya yote mawili.

Hakuwa daktari wala hakutaka kuitwa hivyo. Alikuwa amefundisha sayansi shule ya upili kwa miaka mingi, kisha akaenda ng'ambo kusomea osteopathi, elimu ya kutibu maumivu kwa mikono, kwa kukanda, kunyoosha na kusukuma viungo taratibu. Alirudi akiwa mama mtu mzima wa mvi, akakodi kile chumba, akaweka kitanda cha mbao alichoundiwa na fundi wa hapa sokoni. Jina la elimu yake liliwashinda watu kulitamka. Waliendelea kumwita Mwalimu, na wale wasiowahi kufundishwa naye wakamwita Mwalimu wa migongo.

Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mume wangu. Nunguni ni baridi, hasa ile miezi ukungu unapokaa mlimani mpaka saa sita mchana, kwa hiyo kabla ya kumshika mtu alikaa kwanza amekumbatia kikombe cha chai, si kwa kunywa bali kwa kupasha viganja moto. Chai yenyewe ilipoa, akaimwaga. Nilimwambia huo ni uharibifu wa maziwa. Alisema mgongo ukishtuka kwa baridi hukaza, na hilo halihitaji utafiti.

Watu walimjia wakitarajia kuambiwa walale. Yeye aliwaambia watembee. "Mgongo si yai," alisema, na neno hilo lilizunguka soko lote hadi vijana wa bodaboda wakawa wanalitumia kwa mambo yao wenyewe. Alimwambia mama aliyekuja amejikunja kwamba arudi shambani, lakini polepole, kidogo leo, zaidi kesho. Waume waliipenda sana sehemu ya kwanza ya ushauri huo. Alipolijua hilo, alianza kuwaita ndani nao, akawafanya wairudie sehemu ya pili kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa naacha kupima mbolea ili nisikilize.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuja siku za soko na kipaza sauti, akitangaza kwamba anarudisha mifupa mahali pake. Migongo ilikuwa kitu kidogo kwake. Alitibu pumu, sukari, ndoa zisizopata watoto, na foleni yake ilifika mpaka kwa wauza kabeji. Mimi nilitaka Mwalimu amshtaki. Badala yake alikwenda akapanga foleni, akalipa kama wengine, akashikwa. Aliporudi nilimngoja mlangoni nimeshika kiuno. Alisema yule bwana ana mikono mizuri kuliko yake. "Mdomo ndio una shida," akaongeza, akaingia ndani.

Kanisani alikuwa mtihani mtupu. Kanisa letu lina saa ya ushuhuda, na hakuna anayependa ibada ifupishwe kwa kuiondoa. Jumapili moja mama mmoja alisimama, akaeleza vile alikuwa ametembea mwezi mzima akiangalia ardhi, akaenda kwa Mwalimu, akashikwa mara moja tu, na sasa anaona watu nyuso. Makofi yalipigwa. Mwalimu akasimama pale pale kando yangu, nikavuta sketi yake lakini nilikuwa nimechelewa.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nimefurahi sana, mama. Lakini ulikuja kwangu mwezi ukiisha. Pengine ungeinuka hivyo hivyo bila mimi."

Waumini waligeuka kututazama. Mchungaji, mtu mwenye akili za haraka, alichukua kipaza sauti akasema basi tumsifu Mungu aliyefanya kazi yake bila kusaidiwa, na makofi yakarudi mara mbili. Mwalimu aliketi. Aliinamia sikio langu akaninong'oneza kwamba hilo nalo halijapimwa. Nilicheka hadi ikabidi nijifanye naomba.

Na huyu huyu, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, aliomba kwa sauti. Nilimsikia vizuri kupitia zile mbao. Nilipomchokoza siku moja, nikamwuliza mbona anaomba jambo asilolipima, hakukasirika. Alisema haombi mikono yake iponye mtu. Anaomba isimuumize mtu.

Alikataa mengi. Akina mama walimletea watoto wachanga wanaolia usiku kucha, kwa sababu walisikia kwamba wenzake wa ng'ambo hushika vichwa vya watoto na kilio kikaisha. Alisema hapana, hilo halina ushahidi wa kutosha, na yeye hashiki kichwa cha mtoto kwa kubahatisha. Aliniambia kwamba chuoni walifundishwa kuhisi mwendo mdogo ndani ya mifupa ya kichwa, kama kupumua. Siku moja walimu wawili walishika kichwa kile kile, chake yeye, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akahesabu mwendo wake tofauti. Aliuliza ni nani kati yao aliyehisi kweli. Wakamwambia awe mvumilivu, mikono yake itaamka. Alingoja, na mikono ikabaki kimya.

Lakini wale akina mama hakuwarudisha mikono mitupu. Alimchukua mtoto, akamlaza begani, akazunguka naye kile chumba akiimba nyimbo za kitabu cha kanisa huku mama akinywa chai kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mtoto alinyamaza, ama alichoka, nani ajuaye. Kulipwa alikataa, akisema kubeba mtoto si matibabu. Nilidhani anapoteza wakati. Siku hizi nikimkumbuka, picha inayonijia kwanza ni ile ya mgongo wake mrefu na kichwa kidogo kikichungulia juu ya bega.

Kuna mfanyabiashara wa miji ile ya barabara ya Mombasa aliyeletwa na ndugu zake, mgongo umemshika, miguu imelegea. Mwalimu alimwuliza maswali machache. Alipomwuliza kuhusu haja ndogo, yule bwana aliangalia pembeni akasema tangu jana haitoki, na katikati ya mapaja amekufa ganzi. Mwalimu hakumgusa. Alivaa sweta, akafunga chumba na wagonjwa wake nje kwenye benchi, akapanda gari pamoja naye hadi hospitali, na hakurudi mpaka alipohakikisha amepelekwa kwa mpasuaji. Yule bwana alipona. Baadaye aliletea soko zima habari kwamba Mwalimu ndiye aliyemponya, na Mwalimu hakumkosoa hadharani, kwa mara ya pekee katika maisha yake. Aliniambia hayo ndiyo matibabu bora aliyowahi kutoa, na hakutumia hata kidole.

Vidole ndivyo vilivyoanza kumsumbua. Niliona hilo kwanza siku aliponiletea chupa ya asali nimfungulie. Mtu aliyekuwa akigeuza kiuno cha dereva wa lori alikuwa ameshindwa na kifuniko. Viungo vilikuwa vimevimba, vyekundu, na kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kulala upande. Nilimfungulia asali, naye hakujificha. Alitandaza viganja juu ya kaunta yangu, katikati ya pakiti za mbegu za sukuma, akaviangalia kama vya mtu mwingine.

"Nataka kujua kabla vidole havijafunga," alisema.

Nikamwuliza anataka kujua nini.

"Wale wote walipona. Nataka kujua kama ilikuwa mimi."

Tangu siku hiyo hakuwa na jambo lingine. Aliongea na wagonjwa, alikula, alisali, lakini swali lile lilikaa naye kama mgeni asiyeaga. Nilimwambia ameshasoma vitabu vyote, majibu yako humo. Alisema vitabu vinamwambia habari za mikono ya watu wengine, na hata hiyo havina hakika nayo. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia pia, kwa sababu sijawahi kuona mtu akipendwa hivyo na wilaya nzima halafu akahitaji kuhesabiwa.

Kando ya barabara, karibu na duka, nina kipande cha shamba la mfano. Nusu ya mahindi naweka mbolea, nusu naacha hivyo hivyo, ili mkulima ajionee. Mwalimu alikuwa akisimama hapo kila asubuhi. Siku moja aliniuliza mbona sikuweka mbolea kote, na nikamwuliza kama amekuwa mtoto, maana nikiweka kote nani ataamini kwamba ni mbolea na si mvua? Aliyatazama mahindi, nusu hii na nusu ile. Kisha akageuka akaenda zake bila kuaga, na mimi nikajua tumepatikana.

Huku kwetu milima imesimama, na bila matuta mvua moja inatosha kukuachia mawe. Matuta hayo huchimbwa kwa fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, koleo baada ya koleo. Anayejua kitu kigumu kwa mgongo kuliko kutupa udongo mlimani anieleze. Wanawake huifanya kazi hiyo kwa mwethya, kikundi cha kusaidiana, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka mashamba ya wote yamekwisha. Kikundi kimoja cha upande wetu kilikuwa na migongo inayouma karibu yote, na ndicho Mwalimu alichokiendea.

Alianza kwa kuomba ruhusa. Alikwenda hospitalini, akakutana na kijana mpole aliyemweleza kwamba utafiti juu ya watu unahitaji chuo kikuu, kamati na miezi mingi. Nilidhani angerudi amenuna. Alirudi akisema kijana yuko sahihi kabisa. Kwa hiyo hakuuita utafiti. Aliwaambia wale wanawake kwamba ana swali lake mwenyewe, na kama hawataki wamwambie. Wengine atawatibu kwa ujuzi wake wote. Wengine atawawekea mikono tu juu ya mahali panapouma, bila kusukuma wala kunyoosha. Hatawaambia ni akina nani wanapata nini, na mwisho wake waliokosa watatibiwa. Walimsikiliza kwa makini, wakauliza maswali mazuri, wakakubali kwa makofi.

Kura ilikuwa kiondo, kikapu cha kusuka, chenye mahindi na maharagwe. Kila mmoja alifumba macho akachota chembe moja. Walicheka wakisema Mwalimu anawaharibia muthokoi, maana katika chakula hicho vitu hivyo viwili havijawahi kutenganishwa. Kazi yangu ilikuwa kuwazungukia kila wiki na mwiko wa ugali. Chini kwenye ubapa ni kutoumwa kabisa, juu kwenye ncha ya mpini ni maumivu ya kulia, nao waliweka kidole mahali walipo. Mimi sikutakiwa kujua ni nani aliyechota nini. Mwalimu alisema nina uso usioficha kitu, na ningewaharibu kwa kuwatazama tu.

Sijawahi kumwona vile alivyokuwa wiki zile. Vidole vilimuuma hadi akawa anashika kalamu kwa ngumi, lakini alitibu kila aliyepaswa kutibiwa, bila haraka, na kila aliyepaswa kuwekewa mikono tu alimwekea kwa muda ule ule, kwa upole ule ule. Jioni aliloweka mikono kwenye maji moto. Aliniuliza vidole vyao vimeshuka hadi wapi kwenye mwiko, kisha akaniziba mdomo kabla sijajibu.

Siku ya mwisho tulikutana kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Tulikula kwanza. Kisha mimi nikatoa alama zangu, Mwalimu akatoa zake, tukaziweka pamoja juu ya meza. Mahindi walikuwa wameshuka sana. Maharagwe nao walikuwa wameshuka sana. Hapakuwa na tofauti hata ya upana wa kidole.

Nilimwona Mwalimu akinywea kwenye kiti. Nilitamani ningekuwa nimedanganya alama mbili tatu, na kama ningejua mapema ningefanya hivyo bila kutubu. Aliwashukuru wanawake mmoja mmoja, kwa majina yao, sauti ikiwa imara. Mwenyekiti ndiye aliyeuliza sasa waambiwe, waliotibiwa kweli walikuwa mahindi ama maharagwe. Mwalimu akasema mahindi.

"Si tulijua," mwenyekiti alisema, na wote wakacheka. "Wale wa mahindi walikuwa wakitoka kwako wanakuja kutuonyesha. Tukipumzika kwa shamba tunalala kwa magunia, huyu anashika huyu, vile umemshika. Na hiyo ya maharagwe pia tulipeana. Hiyo pia ni tamu."

Mwalimu alimwuliza taratibu kama walikuwa wakishikana tangu mwanzo.

"Tangu wiki ya kwanza. Sasa, Mwalimu, wewe unatupatia nusu yetu, halafu hiyo nusu ingine ikae ikiangalia? Hiyo si mwethya."

Alisema bila hatia yoyote, kama mtu anayeeleza kwamba maji hushuka bondeni. Hakuna aliyekuwa amewakataza. Mwalimu alikuwa ameeleza kila kitu isipokuwa hilo, kwa sababu halikumjia akilini, na wao hawakulisema kwa sababu halikuwa jambo la kusema. Kitu kikimfikia mmoja wao, kinazunguka.

Mwalimu alijifunika uso kwa mikono yake iliyovimba, mabega yakaanza kutikisika. Niliinuka nimshike. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka hadi akalia, kisha akalia kwelikweli, na mwenyekiti akamfuta machozi kwa pindo la leso yake huku akiuliza wengine ni nini kibaya amesema.

Tukiteremka kurudi sokoni aliegemea mkono wangu. Alisema mvua nayo ilikuwa imeanza katikati ya zile wiki, kuchimba kukapungua, na migongo ikapata likizo. Kwa hiyo hakuna kitu tulichojua, si juu ya mahindi, si juu ya maharagwe. Nikasema pole.

"Nilidhani nina watu wengi wa kulinganisha," alisema. "Kumbe nilikuwa na mmoja."

Wanawake wale bado wanashikana mpaka leo. Ukipita wakati wa kupumzika utawaona wamelala kifudifudi juu ya magunia yangu matupu ya mbolea, na mimi mwenyewe nimelala hapo mara kadhaa, na sitasema sikufaidika.

Mwaka uliofuata vidole vilifunga. Chumba alikiacha, akahamia Kalamba, kwenye nyumba ya mpwa wake, kwa sababu kule ni chini na kuna joto. Ukuta wa mbao ukanyamaza. Aliyekodi baada yake anatengeneza simu, na ananipigia muziki tangu asubuhi mpaka jioni.

Majuzi, baada ya mavuno, mpwa wake alinipigia akasema Mwalimu amelala kitandani kwa mgongo wiki nzima. Nilifika mchana. Alikuwa amelala ubavu, amekonda, na kabla sijavua viatu alikuwa ameshanipa habari mbaya mwenyewe: hospitali wameangalia, hakuna kitu cha kuogopa, ni uzee tu, na pengine utapoa wenyewe. Nikamwambia anyamaze kidogo tusalimiane. Tukasalimiana. Kisha akasema:

"Mama Mwende, nishike."

Nilimwambia mimi nauza mbegu. Akasema si nilikuwa nalala na wale wanawake kwa magunia, basi ninajua. Alinielekeza. Kiganja hapa, chini ya mbavu. Usisukume kwa mkono, egemea kwa mwili wako. Sasa ngoja, usiwe na haraka, wewe siku zote una haraka. Nilingoja. Chini ya kiganja changu nilihisi mifupa yake yote, na pumzi ikiingia na kutoka, na nikaanza kulia bila kutoa mkono. Sikujali kama ananisikia. Nilikuwa nimempenda miaka yote ile kupitia ukuta wa mbao, nikimgombeza, na hakuna siku niliyokuwa nimemshika.

Alilala kidogo. Alipoamka nilimwuliza kama amepata nafuu.

"Nimepata," alisema. "Lakini sijui kama ni mikono yako ama ni vile umekuja."

Nikaona macho yake yamechangamka, nikajua kuna jambo linakuja.

"Kesho kaa hapa tu. Usiniguse. Tuone."

Nilikuwa nimepanga kurudi Nunguni jioni ile. Nililala pale. Siku ya pili niliketi kwenye kigoda kando ya kitanda tangu chai ya asubuhi, mikono nimeibana katikati ya magoti. Tulizungumza habari za soko, nani ameoa, nani ameuza ng'ombe, mwenyekiti ambaye sasa anataka kugombea udiwani. Kila alipogeuka alikunja uso, na mimi nikakalia mikono yangu. Kumwona mtu wako anaumia na mkono unaufikia mgongo wake, halafu usiuweke, ni kazi mbaya, nami nilimwambia hivyo kwa maneno makali. Alicheka, ikamuuma, akacheka tena.

Jua lilipoanza kushuka nilimwuliza. Alifikiri kwa muda mrefu, macho ameyafumba, bila kupendelea upande, kama alivyokuwa akisahihisha mitihani.

"Ni sawa na jana," alisema. "Sawa kabisa."

Niliharakisha kumwambia kwamba mtu mmoja si ushahidi, siku moja si kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alisema ni kweli, mmoja hathibitishi lolote. Nilimchungulia usoni nikitafuta huzuni ile ya siku tulipoweka alama mezani, na sikuiona. Alikuwa anaiangalia mikono yangu.

"Kesho uiweke," alisema.

"Kwa nini, na umesema ni sawa tu?"

"Sababu nataka."

Nilitoka nje kutafuta mtandao. Nilimpigia msichana wa dukani nikamwambia afungue peke yake kesho, na kesho kutwa pia.